Shōgun: Mabango Yalituuzia Baharia, Tamthilia Ikatupa Mariko

Msimu wa pili wa Shōgun, tamthilia ya mabwana wa Japani ya kale wanaogombea madaraka, uko njiani, na kampuni ya televisheni ya FX ya Marekani imeshaanza kututajia majina. Hiroyuki Sanada anarudi kuwa Bwana Toranaga, Cosmo Jarvis anarudi kuwa baharia Mwingereza John Blackthorne, na upigaji picha ulipangwa kuanza Januari 2026 mjini Vancouver, Kanada. Jina la tatu, ambalo kwangu lilikuwa la kwanza, halimo. Anna Sawai, aliyeigiza Toda Mariko, amebaki katika msimu uliopita kwa sababu ambayo kila aliyeufikisha mwisho anaijua. Mapitio haya yanawahusu waigizaji hao watatu: jinsi walivyotangazwa kabla tamthilia haijaanza kuonyeshwa Februari 2024, walichotupa baada ya hapo, na tunachoweza kuwadai wanaorudi. Asiyeitazama bado ajue kwamba nitataja nani anakufa. Riwaya iliyozaa tamthilia hii ilichapishwa mwaka 1975, na matukio yaliyo nyuma yake ni ya mwaka 1600, kwa hiyo siri yenyewe imekaa wazi muda mrefu.

Kionjo cha kwanza kilitoka Novemba 2023. Kilikuwa na kila kinachomfanya mtu asogeze kiti karibu na televisheni: meli iliyopotea kwenye ukungu, mishale, mizinga, kasri la Osaka, na katikati ya yote hayo mgeni mwenye ndevu anayekokotwa na watu asiowaelewa. Miezi mitatu baadaye tangazo likaingia hadi kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani ambayo nafasi zake za matangazo ni za bei ya kutisha, na waandishi wa habari za burudani wakaanza kuifananisha na Game of Thrones hata kabla ya kuiona yote. Mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video, ambako swali la kwanza kabla filamu haijaanza ni nani steringi, hakuhitaji kuambiwa. Steringi ni huyu mzungu. Wengine wote wamekuja kumsindikiza, na tukivumilia mateso yake ya mwanzo tutamwona mwishoni akishika upanga na kuwafundisha wenyeji namna ya kupigana.

Matarajio hayo hayakutoka hewani. Mwaka 1980 kituo cha NBC cha Marekani kilirusha toleo la kwanza la hadithi hii kwa usiku tano, Richard Chamberlain akiwa Blackthorne, Toshiro Mifune akiwa Toranaga na Yoko Shimada akiwa Mariko. Waliotengeneza toleo lile waliamua kwamba mtazamaji asielewe zaidi ya anachoelewa baharia, hivyo Wajapani walizungumza Kijapani bila tafsiri yoyote ya maandishi. Kama mbinu ya kumtia mtazamaji katika upweke wa mgeni, ilikuwa na akili yake. Lakini matokeo yake ni kwamba Mifune, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa ambao Japani imewahi kuwatoa, alibaki kuwa sura kali yenye sauti nzito ambayo mamilioni ya watazamaji hawakujua inasema nini. Chamberlain na Shimada walipata tuzo za Golden Globe, naye Mifune, ambaye ndiye mwenye nchi katika hadithi, akawa kama pambo la kifahari ukutani.

Toleo la 2024, lililoandaliwa na Rachel Kondo na mumewe Justin Marks, limegeuza meza. Takriban asilimia 70 ya mazungumzo yote ni ya Kijapani, na safari hii tunaelewa kila neno. Mazungumzo hayo yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, yakatafsiriwa, kisha yakapitia mikononi mwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, Kyoko Moriwaki, aliyeyapa ladha ya lugha ya zama zile, na ndipo yakarudishwa tena kwa Kiingereza cha kusomwa chini ya picha. Ni njia ndefu na ya gharama. Faida yake ni kwamba Blackthorne anapotoka chumbani hadithi haitoki naye. Hubaki pale pale kwa mabwana wanaopimana kwa maneno matamu, na baada ya sehemu mbili tatu unagundua kwamba mambo mazito yote yanasemwa wakati yeye hayupo. Mabango hayakutuambia hilo hata kidogo.

Nianze na Sanada, maana bila yeye mengine yote yasingekuwepo. Alizaliwa Tokyo mwaka 1960, akaanza kuigiza akiwa mtoto mdogo, na akapitia chuo cha mapigano cha Sonny Chiba. Mwaka 1991, shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilimpa nafasi kuu katika tamthilia yake ya kihistoria ya mwaka mzima, ambamo aliigiza Ashikaga Takauji, mtu aliyeanzisha utawala wa mashogun, yaani watawala wa kijeshi wa Japani, wa ukoo wa Ashikaga. Kwa maneno mengine, huyu mtu ameshawahi kuwa shogun mbele ya taifa zima miaka zaidi ya 30 kabla ya dunia nyingine kumgundua. Baadaye alihamia Marekani na kwa miaka mingi Hollywood ikampa kazi ya kuwa Mjapani mwenye heshima anayekufa vizuri. Katika Shōgun alikubali kuigiza na pia akapewa cheo cha mzalishaji, na cheo hicho hakikuwa cha kupamba karatasi. Alidai waletwe mafundi wa Kijapani wa nywele za bandia, wa mavazi, wa mapigano, na hata wataalamu wa namna ya kukaa, kuinama na kutembea. Siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa na cha kuigiza alikuwepo kwenye seti akiangalia wengine.

Uigizaji wake wenyewe ni wa kubana. Toranaga ameigwa kutoka kwa Tokugawa Ieyasu, mtu anayekumbukwa na Wajapani kwa subira iliyopita kiasi, na Sanada ameichukua subira hiyo akaifanya kuwa ya kutisha. Mfano ninaourudia ni wa sehemu ya nane. Toranaga ametangaza kwamba atajisalimisha kwa adui zake wa Osaka. Mshauri wake wa tangu ujanani, mzee Hiromatsu, anayeigizwa na Tokuma Nishioka, anapinga mbele ya mabwana wote na kusema kwamba ikiwa bwana wake habadili mawazo basi yeye atajipasua tumbo pale pale. Chumba kizima kinasubiri neno moja la kumzuia. Sanada hasemi. Kamera inamkaribia hadi uso unajaa kioo chote, na unaona macho yanaanza kulowa huku mdomo umefungwa kama uliopigwa gundi, na mzee anaendelea, na mwanawe wa kumzaa ndiye anayelazimika kumkata shingo ili asiteseke. Baadaye tunaambiwa kwamba wawili wale walielewana bila kusemezana, na kwamba kifo kile kilihitajika ili adui aamini kuwa Toranaga kweli ameshindwa. Ukirudi nyuma kutazama tena tukio lile ukiwa unalijua hilo, kila kupepesa kwa jicho lake kuna maana nyingine. Sijaona katika kionjo chochote hata dalili ya uigizaji wa namna hii, na sijui kionjo kingewezaje kuuza ukimya.

Anna Sawai aliingia akiwa na uzito mdogo wa jina kuliko wenzake. Alizaliwa New Zealand mwaka 1992, akahamia Japani akiwa na miaka kumi, na kwa miaka kadhaa alikuwa mwimbaji katika kundi la wasichana liitwalo FAKY kabla ya kuacha muziki na kushika uigizaji. Katika matangazo alipewa nafasi ambayo wanawake wa hadithi za aina hii huzoea kupewa: uso mzuri uliogeuzwa nusu, mwenye huzuni, katikati ya wanaume wawili. Anayetazama bango angedhani kazi yake ni kupendwa na baharia.

Kazi yake ni nyingine kabisa. Mariko ni binti wa msaliti. Baba yake alimuua bwana aliyemtumikia, ukoo mzima ukafutwa, na yeye peke yake akaachwa hai ndani ya ndoa asiyoitaka, akikatazwa hata kufa. Nyuma yake kuna mtu wa kweli, Hosokawa Gracia, binti wa Akechi Mitsuhide aliyempindua Oda Nobunaga mwaka 1582. Mwanamke huyo alibatizwa Mkristo na akafa Osaka mwaka 1600 alipokataa kuwa mateka. Kwa kuwa anajua lugha ya Wareno, Mariko anafanywa mkalimani wa Blackthorne, na hapo ndipo Sawai anapoonyesha ufundi. Baharia anapofoka na kutukana, yeye husikiliza hadi mwisho, hutua kidogo, kisha humfikishia Toranaga kiasi kile tu cha hasira ambacho hakitasababisha mtu kukatwa kichwa. Katika kule kutua kidogo unamwona akichagua. Mara nyingine anachagua kumlinda mgeni, mara nyingine kumlinda bwana wake, na safari moja moja, kwa tabasamu lisilofika machoni, anajilinda yeye mwenyewe.

Kisha inakuja sehemu ya tisa. Mariko amefika kasri la Osaka, ambako familia za mabwana zimezuiliwa kwa jina la ukarimu, na anatangaza kwamba kesho yake ataondoka kwa amri ya bwana wake. Kila mtu anajua hataruhusiwa. Asubuhi anafika langoni na walinzi wake. Wanauawa mmoja baada ya mwingine. Ndipo anapochukua mwenyewe mkuki wenye ubapa mrefu na kuanza kusonga mbele. Wanaume walio mbele yake wamekatazwa kumuua, kwa hiyo wanachofanya ni kumsukuma na kumrudisha, naye anarudi tena, na tena, nywele zikifumuka, pumzi zikimwisha, kilio cha hasira kikimtoka, mpaka mikono yenyewe inakataa kuinua silaha. Hajamshinda mtu hata mmoja. Lakini amelazimisha watu wote wa kasri lile waone kwamba wao ni mateka, na akishatangaza kwamba jua likizama atajiua kwa kuwa amezuiwa kutii amri, Ishido, mtawala wa pale, amekwama: akimwachia atapoteza mateka wote, akimzuia atabeba damu ya mwanamke anayeheshimiwa na kila bwana. Sawai anaibeba saa nzima hiyo kwa mwili wake mdogo, na usiku, wauaji wanapovamia, anasimama mwenyewe mbele ya mlango unaokaribia kulipuliwa na kulitaja jina la ukoo wa baba yake kwa sauti iliyotulia. Katika sehemu ya mwisho Toranaga anakiri kwamba alimtuma mwanamke mmoja akafanye ambacho jeshi lisingeweza. Kumbe vita tuliyoahidiwa na vionjo ndiyo hiyo.

Septemba 2024 tamthilia ilizoa tuzo 18 za Emmy, zile tuzo kubwa za televisheni ya Marekani, kwa msimu mmoja, rekodi ambayo hakuna tamthilia nyingine ilikuwa imeifikia, ikiwemo ya tamthilia bora, ya mwigizaji mkuu wa kiume kwa Sanada na ya mwigizaji mkuu wa kike kwa Sawai, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa asili ya Asia kuipata katika kundi hilo. Sanada alipopanda jukwaani na wenzake aligeukia Kijapani akawashukuru waongozaji na wakongwe waliolinda hadithi za samurai hadi zikamfikia yeye. Cosmo Jarvis, ambaye sura yake ilikuwa katikati ya mauzo yote, hakuteuliwa hata kuwania.

Hapo nadhani alionewa kidogo. Jarvis alizaliwa Marekani mwaka 1989 na kukulia Devon, Uingereza. Ana sauti ya kukoroma, kama mtu anayezungumza akiwa bado na maji ya bahari kooni, na wapo waliochoshwa nayo mapema. Alichokifanya kwa ujasiri ni kukubali kuwa mjinga. Blackthorne wake ni mchafu, mbishi, mwenye majivuno ya bure, na kila anapodhani ameielewa nchi ile anaanguka upya. Chamberlain alikuwa shujaa aliyechelewa kutambuliwa, ilhali huyu ni kipande cha kete ambacho mwenye mchezo anakisogeza apendavyo. Mwigizaji anayejipenda asingekubali kuigiza hivyo huku jina lake likiwa juu ya bango. Na katika tukio la Osaka, Mariko anapopiga magoti tayari kwa kifo na mtu aliyeahidi kumkata shingo haonekani, Jarvis ndiye anayejitokeza kusimama nyuma yake na upanga, na mikono yake inatetemeka kwa namna ambayo ilinifuta dharau niliyokuwa nimemwekea tangu sehemu ya pili.

Kuna sababu nyingine ya mimi kumvumilia, na hii ni ya watu wa pwani yetu. Maadui wakubwa wa Blackthorne si Wajapani bali Wareno, wafanyabiashara na mapadri Wajesuti waliofika kabla yake na kuificha njia ya bahari ili biashara ya hariri na fedha ibaki yao. Ni Wareno wale wale. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, miaka saba tu kabla ya baharia wetu kutua Japani, na amri zake zilitoka Goa, makao yao makuu huko India, ambako ndiko walikoelekezwa pia wakubwa wa Macau na Nagasaki. Fransisko Xavier, padri aliyeufikisha Ukristo Japani mwaka 1549, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa. Kwa hiyo Blackthorne anapochora ramani ya dunia kwenye mchanga na kumweleza Toranaga kwamba wafalme wa Ureno na Hispania wamejigawia ulimwengu kwa mkataba, na mabwana wa Kijapani wanakaa kimya kwa mshangao wa kujua kwamba nchi yao imeshaandikwa kwenye fungu la mtu, mtazamaji wa Mombasa au Kilwa ana haki ya kucheka kicheko cha uchungu. Sisi tulikuwa kwenye ramani hiyo hiyo, na hatukupewa nafasi ya kuiona ikichorwa.

Kwa waigizaji wengine nitapita haraka, isipokuwa mmoja. Tadanobu Asano, anayeigiza Yabushige, bwana mdogo mwenye ndimi mbili, hakuwekwa mbele katika mauzo, naye ndiye aliyeiba onyesho kila alipoingia. Ni katili, katika sehemu ya kwanza anaamuru mtu achemshwe akiwa hai, lakini Asano amempa miguno na pumzi ndefu za mtu aliyechoshwa na maisha, kiasi kwamba unamsubiri atokee. Kwenye ile miamba ya pwani, maji yanapopanda na yeye ameona hawezi kuokolewa, anachomoa upanga ajimalize kwa heshima, na uso wake unasema wazi kwamba hata hilo linamkera. Golden Globe ya Januari 2025 ilimstahili.

Lawama yangu kubwa ni kwa waliotangaza, si kwa walioigiza, ingawa walioandika nao wana sehemu yao. Mtu aliyevutwa na mizinga ya kionjo akakaa sehemu kumi akisubiri majeshi yakutane uwanjani alidhulumiwa. Mizinga inapigwa kweli mwishoni mwa sehemu ya nne, kwa ukatili unaoacha nyama kwenye nyasi, na pana tetemeko la ardhi katika ya tano. Lakini vita kuu ya Sekigahara, iliyoamua hatima ya Japani Oktoba 1600, tunaonyeshwa kwa kidokezo tu, kama jambo ambalo Toranaga ameshaliona kichwani mwake. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa sababu kila kilichopaswa kuamuliwa kilikwisha kuamuliwa langoni Osaka. Ila ninawaelewa waliokasirika. Vilevile sehemu ya sita na ya saba zinalegea. Nyumba ya burudani ya Ajiro inapewa muda mrefu kuliko inavyostahili, na mapenzi ya Mariko na baharia, ambayo mabango yaliyapigia debe sana, ndiyo yenye joto dogo kuliko mahusiano yote katika hadithi hii.

Sasa msimu wa pili. Umesemwa kuwa utaanza miaka kumi baada ya ule wa kwanza, na kwa kuwa riwaya imeishia pale ulipoishia msimu uliopita, waandishi hawana tena kitabu cha kuegemea, wana historia peke yake. Historia yenyewe ni tajiri. Ieyasu alitawazwa kuwa shogun mwaka 1603, lakini mrithi halali wa mtawala wa zamani, Hideyori, alibaki Osaka pamoja na mama yake, akikua. Mwaka 1611 mzee na kijana walikutana uso kwa uso katika kasri la Nijō mjini Kyoto, na mwaka 1614 na 1615 Ieyasu akaizingira Osaka hadi ikateketea, mama na mwana wakafia humo. Wanaotaka vita, safari hii wanaweza kuipata.

Kwa Sanada, ambaye sasa ameongezewa cheo na kuwa mzalishaji mkuu, mtihani ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Toranaga wa msimu wa kwanza alikuwa mnyonge aliyezungukwa, na ni rahisi kumpenda mnyonge mwenye akili. Wa msimu wa pili ndiye mwenye dola, mzee anayewinda kijana ambaye aliapa kumlinda. Umri unamsaidia, kwa kuwa Ieyasu alikuwa na miaka zaidi ya 70 alipoizingira Osaka na Sanada ameshapita 65. Ninachotaka kuona ni kama atakubali kuchukiwa. Sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza ilimpasua kidogo ukapata kuona tamaa iliyokuwa imefichwa nyuma ya unyenyekevu, na ikiwa wataufunika tena ufa huo ili shujaa wa tuzo abaki msafi, tutakuwa tumepunjwa.

Kwa Jarvis mambo yanaweza kuwa mazuri zaidi. William Adams, baharia wa kweli aliyezaa mhusika wake, kufikia miaka hiyo alikuwa amemjengea Ieyasu meli mbili za Kizungu, amepewa shamba na watu wa kulitumikia huko Miura, na amekuwa mtu wa karibu na mtawala. Waingereza wenzake walipofika mwaka 1613, nahodha wao John Saris alimkuta amekuwa Mjapani wa mavazi na mwenendo, na hawakupatana. Hebu fikiria Jarvis yule yule wa kukoroma, safari hii akiwa amenyooka mgongo, anakaa sakafuni kwa adabu na kuzungumza Kijapani bila mkalimani, akiwatazama wenzake wa zamani wanavyonuka na kupayuka. Hapo ndipo tutajua kama ujinga ule wa msimu wa kwanza ulikuwa ufundi au ulikuwa ndio uwezo wake wote.

Lakini jina ambalo ningelipandisha juu kabisa ya bango ni la Fumi Nikaido. Yeye anarudi kuwa Ochiba, mama wa mrithi, na mhusika huyo ametokana na Yodo-dono, mwanamke aliyeishikilia Osaka hadi moto ulipomfikia. Mwaka 2014 Nikaido aliigiza mwanamke huyo huyo wa historia katika tamthilia moja ya NHK, kwa hiyo hajifunzi, anarudia kwa upana zaidi. Katika msimu wa kwanza alipewa vyumba vya giza na sentensi chache. Kila alipoingia Ishido alionekana kama mtoto aliyeshikwa mkono. Urafiki wake wa utotoni na Mariko ndio uliomfanya aache kumuunga mkono Ishido mwishoni, na sasa amebaki na deni hilo, na mtoto wa kumlinda, na mzee anayekuja. Pengo la Sawai halizibiki kwa kutafuta mkalimani mpya mwenye macho ya huzuni amsindikize baharia. Majina mapya yametangazwa, akiwemo Asami Mizukawa na Jun Kunimura, na yote ni ya waigizaji waliokomaa, ila uzani unaoweza kumkabili Sanada tayari umo ndani ya nyumba.

Ambaye bado hajaanza, ana muda. Msimu wa kwanza ulipotoka ulipatikana Disney+ nje ya Marekani, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat, London na kwingineko waliuona siku ile ile, wakati Kenya na Tanzania huduma hiyo ilikuwa haijafunguliwa rasmi na watu walihangaika kivyao. Hakuna tafsiri ya Kiswahili. Ipo sauti ya Kiingereza iliyowekwa juu ya Kijapani, nami namshauri kila mtu aizime na kusoma maandishi ya chini, hata kama macho yatachoka mwanzoni, kwa sababu sauti ya Sanada anaposhusha amri kwa kunong'ona, na ya Sawai anapotua kabla ya kutafsiri, ndizo walizopewa tuzo. Sehemu mbili za kwanza zitazamwe usiku mmoja, kwa kuwa ya kwanza peke yake itakudanganya kwamba mabango yalisema kweli.